Kubadilisha Puli ya Krenki Iliyochakaa kwenye Subaru Impreza WRX: Hatua kwa Hatua

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Huyu belti ya altaneta inamkatikia kila baada ya miezi miwili mitatu. Yule amenitumia video ya injini inayogonga ko-ko-ko, anauliza kama ni beringi za ndani. Wa tatu ameshavunja soketi mbili kwenye bolti ya katikati na bolti haijasogea hata unywele. Mara nyingi chanzo cha yote hayo ni kimoja, puli ya krenki, na kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani kwa nusu siku ukiwa na vifaa na subira. Nimejibu mmoja mmoja kwa simu mpaka nikachoka kurudia, kwa hiyo leo naiandika yote.

Gari ninalolizungumzia ni Impreza WRX yenye injini ya EJ20 ya tabo, GC8 za zamani na GDA zilizokuja baada yake. Forester na Legacy za tabo zenye EJ zinafuata njia hii hii. Kama una Mark II au Chaser yenye 1JZ au 2JZ, usitumie vipimo vyangu. Bolti ya krenki ya injini hizo inakazwa kwa Nm 330 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), na puli yake huvutwa kwa kifaa maalumu. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Puli yenyewe, kwa ufupi

Ni lile gurudumu la chuma lililo chini, mbele ya injini, linalozungusha belti mbili: ya mbele ni ya altaneta na pawa stelingi, ya nyuma ni ya kompresa ya AC. Puli ya kiwandani si kipande kimoja. Katikati kuna kitovu, nje kuna pete yenye mifereji ya belti, na kati yao kuna raba iliyogandishwa. Raba ndiyo inayochoka. Joto la miaka mingi linaikausha, na ikimwagikiwa na oili ya sili iliyovuja (sili ni pete inayozuia oili isitoke mbele ya krenki) inavimba na kuachia. Hapo pete ya nje inaanza kuyumba, au inateleza peke yake wakati kitovu kinazunguka vizuri.

Kuna jambo moja la kushika kabla hujagusa spana. Bolti ya puli haishiki puli peke yake. Nyuma ya puli, kwenye shafti hiyo hiyo ya krenki, imekaa gia ndogo ya belti ya taimingi, ile inayooanisha vali na pistoni, na zote mbili zimebanwa pamoja na bolti hiyo moja. Kwa hiyo ikilegea, puli itapiga kelele, lakini kinachokaribia hatari ni taimingi. EJ nyingi za tabo, taimingi ikiruka, vali hukutana na pistoni. Sababu ya mimi kuizungumzia sana bolti humu ndani ni hiyo.

Utajuaje kwamba ni puli?

Fungua boneti, washa injini, simama pembeni na umulike puli kwa tochi. Usiingize mkono. Kama pete ya nje inacheza kushoto na kulia kama sahani iliyopinda, puli imekwisha. Zima, subiri ipoe, kisha tazama raba: nyufa, vipande vinavyochomoza, unga mweusi uliotapakaa kwenye kava la taimingi. Angalia na belti. Ikiliwa upande mmoja tu, huenda haikimbii kwenye mstari.

Dalili nyingine: mlio mkali asubuhi usioisha hata ukikaza belti, taa ya betri inayowaka na kuzima, stelingi kuwa nzito ghafla unapokunja kona polepole.

Halafu kuna ile ko-ko-ko. Kijana mmoja aliniletea GDA yake akiwa amekata tamaa. Gereji aliyotoka walimwambia beringi za krenki zimekufa, injini ishushwe. Tulitoa belti zote mbili, nikaishika puli kwa mikono miwili huku injini imezimwa, nikaizungusha kidogo mbele na nyuma. Ilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Tulipoitoa, ile kii ya chuma yenye umbo la nusu mwezi, inayofunga puli na shafti, ilikuwa imeliwa upande mmoja mpaka imekuwa nyembamba kama kucha. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amebadilishiwa belti ya taimingi mahali fulani, na bolti ikakazwa kwa kukisia. Injini yenyewe ilikuwa nzima. Kwa hiyo kabla hujakubali injini ishushwe, toa belti na ushike puli kwa mkono. Hakuna gharama, na dakika 20 zinatosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Puli mpya. Nitaizungumzia hapa chini.
- Bolti mpya ya krenki, hasa kama huijui historia ya iliyopo. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na madhara ya bolti iliyolegea.
- Belti mbili mpya. Puli iliyoyumba imeshaziharibu hata kama kwa macho zinaonekana nzuri.
- Soketi ya namba 22 yenye pande sita, ya ukuta mnene. Ile ya pembe 12 iache kwenye boksi, maana ndiyo inayokula kichwa cha bolti.
- Mkono mrefu wa soketi, ule mafundi wanaouita pawa ba, na bomba la chuma la kuuongezea urefu.
- Spana na soketi za 10, 12 na 14.
- Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, inayofika Nm 200. Azima au kodi ukihitaji, lakini iwepo.
- Oili ya injini kidogo, dawa ya kulainisha kutu, petroli au kisafisha breki, matambara, brashi ya waya laini.
- Kipande cha katoni ngumu chenye ukubwa wa rejeta.
- Rangi nyeupe au chokaa ya kuwekea alama.
- Mtu mmoja wa kukusaidia. Kazi hii haifanywi peke yako.

Kuhusu puli: kabla hujalipa, nenda dukani na ya zamani mkononi, au angalau na namba ya chasisi. Linganisha vitu vitatu: idadi ya mifereji kwenye kila pete, kipenyo, na umbali wa mifereji kutoka uso wa nyuma wa kitovu. Zipo puli zinazofanana kwa macho lakini mifereji imekaa milimita mbili mbele zaidi, na hizo mbili zinatosha kuimaliza belti kwa wiki moja. Puli ya mtumba kutoka Japani inafaa, ila tazama raba yake kama unavyotazama tairi la mtumba. Kama imeanza kupasuka, iache hata ukipewa kwa nusu bei.

Wengi wenu mnaniuliza kuhusu zile puli nyepesi za alumini za rangi nyekundu na bluu. Kwenye EJ zinatumika na injini nyingi zinaendelea kuishi nazo, kwa sababu krenki ya boksa (injini yenye silinda zilizolala pande mbili) ya silinda nne ni fupi na ngumu. Kwenye injini ndefu za silinda sita kwa mstari, kama 2JZ, usijaribu, kule raba inazuia krenki isijinyonge. Ushauri wangu kwa gari la kwenda kazini na kurudi ni puli ya kiwandani yenye raba. Injini inanguruma laini zaidi na altaneta inazunguka kwa kasi iliyokusudiwa. Alumini nyingi ni ndogo kwa kipenyo. Ukikaa kwenye foleni jioni, AC, taa na feni zote zinafanya kazi, altaneta inazunguka taratibu na betri inalia. Kama gari ni la mashindano, hapo ni sawa.

Kazi yenyewe

1. Egesha gari kwenye sakafu tambarare, injini iwe baridi kabisa. Vuta hendibreki, weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma. Usilipandishe kwenye jeki. Kazi yote inafanyika kutoka juu, na kwa gari la manyo (la kubadilisha gia kwa mkono) magurudumu manne yanapaswa kugusa ardhi.

2. Fungua nguzo hasi ya betri, funika waya wake kwa tambara usirudi kugusa. Ufunguo wa gari uweke mfukoni mwako, usiuache kwenye swichi. Nimeona mtoto akiingia kwenye gari na kuwasha redio huku baba yake ameshika puli.

3. Toa feni mbili za rejeta. Kila moja imeshikwa na bolti mbili za 10 juu, chini imekaa kwenye vishikio vyake tu. Chomoa plagi za umeme, na kichupa cha maji ya rejeta kama kimefungwa kwenye feni. Vuta feni juu polepole bila kuikwaruza rejeta. Ukimaliza, simamisha ile katoni kati ya injini na mapezi ya rejeta. Mkono utateleza, hilo ni hakika, na mapezi yale ni laini kama karatasi.

4. Toa kava la belti, lile bamba lililo juu ya altaneta. Piga picha ya njia ya belti kwa simu yako sasa hivi, kabla ya kulegeza chochote.

5. Legeza belti ya mbele: kwanza bolti ya kufungia altaneta, halafu ile ndefu ya kurekebishia. Toa belti. Ya AC inalegezwa kwenye puli ndogo ya kukazia. Legeza nati yake ya katikati, kisha bolti ya kurekebishia, utoe belti. Usilazimishe belti kwa bisibisi hata kama unataka kuitupa, utaumiza kingo za puli za altaneta na pawa stelingi.

6. Sasa zungusha kwa mkono puli ya altaneta, ya pawa stelingi na ile ndogo ya kukazia. Zisikilize. Ikiwepo inayokwaruza au yenye mchezo, ibadilishe leo leo. Hii ndiyo nafasi nzuri ya kuzikagua, na mtu anayeiruka hatua hii atafungua tena mbele ya gari mwezi ujao.

7. Paka alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti ya krenki na kwenye kitovu. Ukishafungua utajua bolti imezunguka yenyewe, au soketi imeteleza, au injini yote imezunguka.

8. Safisha kichwa cha bolti. Huku kwetu pwani kutu ya chumvi inajaza pembe, na soketi inakaa juu juu. Kwaruza kwa brashi, gonga soketi mpaka iingie mpaka mwisho. Nyunyiza dawa ya kutu, ikae dakika 15 wakati unakunywa chai.

9. Zuia injini isizunguke. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo soma mara mbili.

Kwa gari la manyo: weka gia ya tano, msaidizi akanyage breki kwa nguvu zote na asiachie mpaka umwambie. Kwa gia ya juu mzunguko wa krenki unapambana na magurudumu, na magurudumu yamebanwa na breki. Kama klachi imechoka itateleza, na hapo tumia njia ya belti.

Kwa gari la otomatiki: gia hazisaidii kitu. Juu ya nyumba ya gia, nyuma ya injini, kuna kifuniko kidogo cha raba. Kitoe, utaona bamba la nyuma ya injini. Zungusha krenki polepole kwa soketi mpaka upate tundu au bolti ya bamba, uzuie kwa bisibisi nene. Msaidizi aishike. Usizuie kwa kutegemea meno ya stata, yatakatika.

Njia ya belti inafaa kwa zote mbili, kama puli ya zamani unaitupa. Chukua belti ya zamani, izungushe kwenye puli mara moja na nusu, mbele ya belti isokotwe kwenye kipande cha chuma kilichoegemezwa kwenye sehemu ngumu ya bodi. Kadiri unavyosukuma ndivyo belti inavyobana. Ikiwa raba ya puli imekufa, lakini, pete itazunguka na kitovu kitabaki, kwa hiyo njia hii haikufai.

10. Fungua bolti. Ukisimama mbele ya gari ukitazama injini, inafunguka kinyume cha saa. Weka mkono wa soketi wima au karibu na hapo, ongeza bomba, mkono mmoja ukandamize soketi isiruke, mwingine usukume. Sukuma kwa uzito wa mwili, usipige mijeledi. Itatoa sauti kama ya mti unaovunjika, kisha itakuwa rahisi. Watu wengi hudhani wamevunja kitu wakisikia hivyo, kumbe ndivyo inavyofunguka.

Kuna njia ya kuegemeza mkono wa soketi kwenye chasisi na kupiga stata kidogo. Mafundi wengi wanaitumia na inafanya kazi. Mwanafunzi namkataza. Ukiuweka upande usio sahihi, stata inakaza badala ya kufungua, na chuma cha urefu wa nusu mita kikiruka kutoka pale hakina huruma na uso wa mtu. Kama bolti imegoma kabisa, mlete fundi mwenye mashine ya upepo akufungulie hiyo tu, uendelee mwenyewe.

11. Vuta puli. Kwa EJ kawaida inatoka kwa mkono: shika pande mbili, itikise juu chini ukivuta. Imeng'ang'ania? Gonga nyuma ya kitovu polepole kwa nyundo ya raba, ukizunguka. Usipachike bisibisi kati ya puli na kava la taimingi. Kava ni plastiki, na ufa wake utaingiza vumbi kwenye belti ya taimingi kwa miaka.

12. Puli ikishatoka, usizungushe injini. Hakuna stata, hakuna kusukuma gari. Ile gia ya taimingi sasa haijabanwa na kitu.

13. Kagua kwa tochi, pole pole. Kwanza kii ya nusu mwezi: pande zake ziwe zimenyooka, bila kidato. Pili mfereji wa kii kwenye shafti na kwenye puli mpya. Pitisha ukucha: ukinasa kwenye kingo zilizosukumwa nje, mfereji umeliwa. Tatu uso wa gia ya taimingi unaoegemewa na puli. Uwe safi na tambarare. Nne, chini ya shafti: je, pana oili mbichi?

Kii ikiwa imeliwa, au oili inavuja kwenye sili ya mbele, simama hapo. Sili imekaa nyuma ya gia, na ili uifikie lazima utoe belti ya taimingi. Fanya kazi yote kwa pamoja: belti ya taimingi, beringi zake, pampu ya maji, sili. Kama gari limeshatembea kilomita 100,000 tangu belti ya mwisho, ilikuwa zamu yake hata hivyo. Kuweka puli mpya juu ya sili inayovuja ni kuiua raba mpya kuanzia siku ya kwanza.

14. Safisha shafti, uso wa gia na tundu la bolti. Toa oili na mchanga kwenye tundu la uzi, kwa upepo kama upo, la sivyo kwa tambara lililosokotwa kwenye kijiti. Oili ikijaa kule ndani, bolti inaisukuma na kipimo cha toki kinadanganya.

15. Ingiza puli mpya, mfereji wake ukilingana na kii. Iteleze kwa mkono mpaka iguse gia. Isiwepo nafasi. Kama inagoma, toa na utazame. Kamwe usiivute ndani kwa kukaza bolti. Kii inaweza kupanda juu ya mfereji, ukawa umepasua kitovu kabla hujajua.

16. Paka oili ya injini kidogo kwenye uzi wa bolti na chini ya kichwa chake. Kidogo, kama unavyopaka mafuta kidole kimoja. Ianze kwa mkono, izunguke raundi kadhaa bila spana.

17. Zuia injini tena kama hatua ya 9, kisha kaza kwa awamu. Kwanza Nm 44. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kitovu. Halafu kaza mpaka kipimo cha mwisho cha gari lako. Kwa WRX ya EJ20 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni Nm 127. EJ25 nyingi na STI za baadaye zinafika Nm 180 hivi. Tafuta kitabu cha mwaka wa gari lako, usichukue namba ya rafiki mwenye gari la mwaka mwingine. Vitabu vya injini za baadaye vinataka pia uone ule mstari wa rangi umefunguka angalau nyuzi 45, yaani nusu ya pembe mraba. Ikipungua hapo, bolti imeshavutika, weka mpya.

Huna spana ya toki na huwezi kuazima? Tumia mizani ya ndoana, ile ya kupimia mizigo ya safari. Nm 127 ni sawa na kilo 13 kwa mkono wa mita moja, au kilo 26 kwa mkono wa nusu mita. Pima sentimita 50 kutoka katikati ya bolti, weka alama kwenye mkono wa soketi, tia ndoana pale na uvute pembe mraba kabisa na mkono huo mpaka mizani isome 26. Vuta polepole bila kukurupuka. Si njia ya kiwandani, lakini iko mbali sana na "nimekaza mpaka nikaona inatosha", maneno ambayo yalimletea yule kijana kii nyembamba kama kucha. Mashine ya upepo ifungue tu, usikazie.

18. Rudisha belti, ya AC kwanza kwa kuwa iko nyuma, kisha ya mbele. Tazama picha uliyopiga. Pitisha kidole kwenye kila puli uhakikishe kila ubavu wa belti umekaa kwenye mfereji wake. Kosa la kuruka mfereji mmoja nimeliona mara nyingi kuliko makosa yote ya belti.

19. Kaza belti. Ile ya mbele, ukiibonyeza katikati kwa nguvu ya kama kilo 10, belti mpya iingie milimita 7 hadi 9, iliyokwisha kutumika milimita 9 hadi 11. Kuizidisha hakufanyi ishike zaidi, kunaua beringi za altaneta.

20. Rudisha kava, feni na plagi zake zote mbili. Toa katoni. Hesabu spana zako. Rudisha waya wa betri. Kabla ya kuwasha, zungusha krenki raundi mbili kamili kwa soketi ya 22, upande wa saa, gia ikiwa nyutro. Uzito utapanda na kushuka kwa sababu ya mgandamizo, hilo ni sawa. Ukigonga kitu kigumu kinachozuia kabisa, simama, usilazimishe.

21. Washa. Msaidizi awe ndani, wewe pembeni na tochi. Puli inapaswa kuzunguka kama imesimama. Washa AC, geuza stelingi, washa taa. Sikiliza. Subiri mpaka feni za rejeta zifanye kazi zenyewe ndipo uondoke. Ukisahau plagi ya feni utaijua kwenye foleni, na kwa injini ya tabo hapo ni kuchelewa.

Mambo yakienda mrama

*Mlio bado upo.* Nyunyizia maji kidogo upande wa mifereji ya belti. Mlio ukinyamaza kisha ukirudi, kwa kawaida puli hazijalingana. Ukizidi kwa maji, belti imelegea. Usipake sabuni wala nta.

*Puli mpya inayumba.* Ni moja kati ya matatu: uchafu umebaki kati ya kitovu na gia, au kii imekaa vibaya, au puli yenyewe imetengenezwa vibaya. Toa uangalie kwa utaratibu huo. Usiendeshe "kwa muda".

*Taa ya injini imewaka, inasoma P0335 au mwenzake.* Hii ni sensa ya krenki. Sensa inasoma meno ya ile gia iliyo nyuma ya puli. Kwanza angalia plagi ya sensa juu ya injini, huenda umeivuta ukitoa feni. Kama iko sawa, fikiria gia kulegea, na usiwashe tena kabla ya kukagua bolti.

*Bolti inazunguka lakini toki haipandi.* Uzi unachanika, au bolti inavutika. Simama mara moja. Toa bolti utazame uzi wake. Ukiona vipande vya chuma kama sindano, kazi ya hapo ni ya fundi wa mashine, na mpaka aje gari lisisogee.

*Kichwa cha bolti kimeliwa.* Soketi ya kuvutia bolti zilizoharibika, ile yenye meno ya ndani yaliyopinda, hutosha mara nyingi. Kulehemu nati juu ya kichwa ni njia nzuri pia, lakini joto linafika kwenye sili ya mbele, kwa hiyo uhesabu na sili mpya.

*Ko-ko-ko imebaki baada ya puli mpya iliyokazwa vizuri.* Hapo sasa mpelekee fundi apime presha ya oili kwa geji na kusikiliza ndani. Usiende umbali mrefu na sauti hiyo.

Baada ya kilomita 100 hivi, injini ikiwa baridi, toa feni tena na upime bolti mara moja kwa kipimo kile kile. Spana ikibofya bila bolti kusogea, iache. Ikisogea kidogo, ifuatilie tena wiki inayofuata. Ikisogea mara ya pili, toa puli na utazame kii.